Injini Imewaka, Mkanda Haujakaa

Injini ya mtumba ikishateremshwa kwenye chesesi, ikakaa kwenye maunti zake na kuwaka, watu waliosimama gereji hupiga makofi, na mwenye gari huanza kutafuta ufunguo wake mfukoni. Huwa nawaomba wasubiri. Injini kuwaka kunatuambia habari za pistoni na pampu ya dizeli. Kama gari litapanda kutoka Himo bila kuchemsha, na kama litashuka bila dereva kusimama juu ya pedali ya breki, jibu lake liko mbele ya injini, kwenye puli na mikanda. Na hiyo ndiyo kazi ambayo mafundi wengi huifunga mwisho, jioni, mikono imechoka na mteja amekaa juu ya ndoo anauliza saa.

Gereji yangu iko Mwika, kwenye barabara inayopanda kutoka Himo, ikapita Marangu Mtoni na kuendelea Rombo hadi Tarakea. Magari ya hapa ni Noah za abiria, Hiace, Hilux za kubebea ndizi na majani ya ng'ombe, na Land Rover za zamani ambazo familia zimebaki nazo tangu enzi ambazo kahawa ilikuwa inasomesha watoto. Hizo Land Rover haziachwi kirahisi. Bodi yake ni ya alumini, kutu haiishambulii kama bati, na chesesi ikipakwa oili chafu mara kwa mara hukaa miaka mingi. Kinachomshinda mwenye nayo ni injini ya petroli ya cc 2286, ambayo kwa milima hii inakunywa kuliko kipato cha mzigo. Hapo ndipo wazo la injini ya dizeli ya Toyota linapokuja: 2L yenye cc 2446, 3L yenye cc 2779, au 5L yenye cc 2986. Zinaingia zikiwa zimetumika, nyingi zikitoka Japani, na mtu akishuka Dar es Salaam, Gerezani, hakosi ya kupandisha kwenye basi.

Mkanda ni kitu rahisi kueleza. Krenki ya injini inazunguka, na mbele yake ina puli yenye mifereji. Mkanda wa mpira unapita kwenye mfereji huo, unakwenda kuzungusha puli ya pampu ya maji pamoja na feni, kisha puli ya alternata inayochaji betri. Anayeijua cherehani ya kukanyaga ameshaelewa: gurudumu la chini na kigurudumu cha juu lazima viangaliane sawasawa, kimoja kikienda pembeni kidogo, ule ukanda unaruka au unajikata. Kwenye gari mambo ni yale yale, ila krenki ya dizeli hii inafika mizunguko 4000 kwa dakika, na alternata, kwa kuwa puli yake ni ndogo, inazunguka zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kuna jambo moja kuhusu dizeli ambalo natamani kila mwenye gari wa mlimani alijue. Breki za magari mengi husaidiwa na busta, lile dude la duara nyuma ya silinda kubwa ya breki, ambalo linatumia mvuto wa hewa kumpunguzia dereva nguvu za mguu. Injini ya petroli hujitengenezea mvuto huo yenyewe kwenye manifoldi, kwa sababu ina mlango wa kubana hewa. Hizi dizeli za Toyota hazina mvuto wa kutosha huko, kwa hiyo kiwanda kikaweka pampu ndogo ya vakyumu, na mahali kilipoiweka ni mgongoni mwa alternata. Shafti moja inazungusha vyote viwili. Mkanda ukiteleza, chaji inapungua na mvuto wa breki unapungua. Mkanda ukikatika, busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara chache, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki bado zipo, lakini zinataka nguvu ambazo mama aliyezoea kukanyaga kidogo hana, na hata kijana mwenye nguvu atashtuka kwanza kabla ya kukaza mguu. Toka Mwika hadi Himo ni mteremko na kona, na gari lililobeba ndizi halimsubiri mtu ashtuke.

Ndiyo maana nikisikia fundi anasema "mkanda ni kitu kidogo, tutaurekebisha ukianza kulia," roho yangu haitulii.

Mzee mmoja, meku wa upande wa Lole, aliniletea Land Rover 109 iliyokuwa imeshafungwa 3L kwingine. Injini ilikuwa nzuri, inawaka kwa mara moja asubuhi, haina moshi. Malalamiko yake yalikuwa mkanda. "Kijana wangu," aliniambia, "kila nikishusha mzigo Himo narudi na mkanda umeota manyoya. Nimenunua mpaka muuza spea ananisalimia kwa jina." Alikuwa ameshaambiwa na watu mbalimbali kwamba mikanda ya siku hizi ni feki, kwamba akaze zaidi, kwamba apake sabuni ya mche. Alikuwa amefanya yote matatu.

Nilifungua boneti, injini ikiwa imezimwa, nikaanza kutazama bila kushika spana. Gari likiwa na ugonjwa huu linaandika lenyewe. Kulikuwa na unga mweusi umetapakaa kwenye kava la taiming na chini ya rejeta: huo ni mpira wa mkanda uliosagika. Hizi injini zina mikanda miwili ya V inayokwenda sambamba, na yote miwili ilikuwa imeng'aa ubavu mmoja, ubavu wa pili ukiwa na nyuzi zimetoka. Mkanda unaoteleza tu kwa kulegea hung'aa pande zote mbili. Unaoliwa upande mmoja unavutwa kwenda pembeni. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo ambacho watu wengi hawajui kazi yake. Kiliwekwa ili sili ya ndani ikichoka, maji yatoke pale na fundi aone. Kilikuwa kimeacha mchirizi wa rangi ya kutu. Nikashika feni na kuitikisa: beringi ya pampu ilikuwa na mchezo. Hiyo ilikuwa kazi ya kukaza. Mkanda uliopinda ukikazwa kwa mtaimbo, kelele inapungua kwa muda, na nguvu yote inahamia kwenye beringi ya pampu ya maji na ya alternata.

Kisha nikapima. Chombo cha kupimia ni rula ya chuma iliyonyooka, ndefu ya kutosha kuvuka puli mbili. Unaanza na puli ya krenki kwa sababu hiyo haihamishiki. Nyingine zote ndizo zinaifuata. Unaiegemeza rula kwenye uso wa puli ya krenki, unaangalia inavyogusa puli ya pili: inatakiwa iguse ukingo wa huku na ukingo wa kule, bila mwanga kupita. Puli zikiwa na unene tofauti wa ukingo, unapima mfereji wenyewe, si ukingo, maana mkanda hauujui ukingo. Kosa linaweza kuwa la aina mbili. Puli inaweza kuwa imesogea mbele au nyuma ikiwa bado imenyooka, au ikawa mahali pake lakini imeinamisha uso, kwa sababu breketi imepinda. Mara nyingi ni yote mawili. Kwa mkanda wa V watengenezaji wanavumilia kama nusu digrii, ambayo kwa umbali wa futi moja kati ya puli na puli ni milimita 2.5 hivi. Mkanda mpana wa mifereji midogo unavumilia pungufu ya hapo.

Krenki na pampu ya maji zilikuwa sawa kabisa. Alternata ilikuwa imetoka mbele milimita 6.

Hapa ndipo nataka msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu mahali kosa linapoonekana na mahali lilipo ni pawili. Kati ya sikio la alternata na breketi yake kulikuwa na washa zimepangwa. Mtu aliziweka kwa makusudi, akijua anaisogeza alternata mbele. Kwa nini? Nikaziondoa, nikairudisha alternata nyuma mahali ilipotakiwa kukaa, na jibu likapatikana: pampu ya vakyumu mgongoni mwake ilikuwa inagusa mkono wa maunti. Ule mkono haukuwa wa Toyota wala wa Land Rover. Ulichomelewa ili injini ikae kwenye chesesi, na aliyeuchomelea alikuwa anafikiria uzito wa injini tu. Alternata haikuwepo siku hiyo. Injini ilinunuliwa tupu, alternata ikatafutwa baadaye. Ilipokuja ikakosa nafasi, washa zikaingia, mkanda ukapinda, mkanda ukalia, ukakazwa, pampu ya maji ikafa.

Ningeweza kumpa mzee mkanda mpya na pampu mpya akaondoka siku hiyo hiyo. Badala yake tuliiinua injini kwa cheni, tukautoa ule mkono wa maunti, tukaukata na kuuchomelea upya ukiwa na kona inayoipisha pampu, kwa bamba nene, na ubavu wa pembetatu wa kuushikilia usinesenese. Nikaacha nafasi ya kidole kati yake na pampu, kwa sababu injini ya silinda nne za dizeli inacheza inapozimwa, na kinachokaribia kugusa ikiwa imesimama kitagusa ikitikisika. Kisha alternata ikarudi bila washa hata moja. Mkono wa juu, ule wenye tobo refu la kurekebishia mkazo, nao ulikuwa umenyooshwa kwa nyundo kufuata makosa ya chini, tukautengeneza upya. Rula ikagusa kote.

Nimesema washa. Sizichukii zikiwa moja nyembamba. Lakini washa zilizopangwa hadi unene wa kidole zinaiacha bolti ikiwa uchi kwa urefu huo, inapinda kidogo kila mkanda unapovuta, halafu siku moja inakatika. Panapohitajika nafasi kweli, peleka kipimo kwa mkerezaji akutolee spesa moja ya chuma, bomba lenye ncha mbili zilizokatwa sawasawa, linaloishika bolti kote. Moshi mjini wapo wakerezaji wazuri, wengi wamepitia VETA, na mkoa huu una historia ya kazi hiyo: kule Machame, wilaya ya Hai, kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa kwa ajili ya kutengeneza mashine za namna hiyo hiyo. Kipande cha spesa ni kazi ndogo sana kwa mkerezaji. Gharama kubwa ni nauli ya kushuka Moshi, na hiyo ndiyo inayowafanya watu waokote washa sakafuni.

Kuna kitu kimoja cha kutokuchomelea wala kukereza ovyo, nacho ni puli ya krenki. Ukiitazama vizuri utaona pete ya mpira kati ya kitovu na duara la nje. Ule mpira unameza mtetemo wa krenki. Ukizeeka, duara la nje linateleza au linatoka pembeni, mkanda unacheza, na fundi asiyejua atahangaika na breketi mwezi mzima. Piga mstari wa chaki ukivuka kitovu, mpira na duara, washa injini, zima, tazama: mstari ukiwa umeachana, puli imekufa. Tafuta nyingine.

Baada ya mstari kunyooka bado kuna hesabu ya ukubwa. Watu hubadilishana puli kati ya 2L na 3L, kati ya injini ya Hiace na ya Hilux, kwa kuwa tobo linaingia. Tuseme puli ya krenki ina kipenyo cha milimita 150 na ya alternata 60: alternata inazunguka mara 2.5 kwa kila mzunguko wa krenki. Weka puli ya alternata ya 75, inashuka hadi mara 2. Hesabu ni ile ile kwa puli inayozungusha feni na pampu ya maji. Kwenye barabara ya tambarare hutaona tofauti. Lakini sisi tunapanda kwa gia ya pili, injini ikizunguka polepole na mzigo ukiwa mkubwa, upepo wa mbele hakuna kwa sababu gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Wakati huo feni na pampu ya maji ndivyo tegemeo lote la rejeta, na puli isiyo yake inavipunguzia mwendo hapo hapo vinapohitajika. Magari yanayochemsha kabla ya Marangu Mtoni na kupoa Himo mara nyingi yana ugonjwa wa aina hii, wakati mwenyewe ameshanunua rejeta mpya.

Mwelekeo wa kuzunguka nao unasahaulika. Mkanda wa V siku zote unashika puli kwa upande wake wa ndani, kwa hiyo kila kitu kinazunguka upande mmoja na krenki. Ule mpana wa mifereji midogo unaweza kuzungusha pampu ya maji kwa mgongo wake, na hapo pampu inazunguka kinyume. Mapanga ya ndani yalichongwa kwa mwelekeo huo. Ukiichukua pampu ya namna hiyo ukaipa mkanda wa upande wa pili, itazunguka kwa furaha na maji hayatakwenda inavyotakiwa. Vivyo hivyo feni iliyogeuzwa.

Kwa Noah na magari mengine yenye mkanda mmoja mpana, soma maandishi yaliyoko mgongoni mwa mkanda. 6PK1200 maana yake ni mifereji 6, umbo la PK, urefu milimita 1200. Mtu akiondoa kompresa ya AC iliyokufa, mkanda wa zamani unakuwa mrefu, anatafuta mfupi, na hapo lazima atazame mkanda mpya unavyoikumbatia puli ya alternata. Ukigusa kipande kidogo tu cha duara, utateleza hata ukiukaza namna gani. Dawa ni kuweka puli ya kupitishia pale kompresa ilipokuwa, ili njia ya mkanda ibaki ileile.

Na kama unasikia kelele usiyojua chanzo chake, chukua chupa ya maji, injini ikiwa inaunguruma taratibu, mwagia kidogo upande wa ndani wa mkanda, mikono na nguo zikiwa mbali. Kelele ikinyamaza kisha ikarudi, mstari wa puli umepinda. Ikizidi papo hapo, mkanda unateleza, angalia mkazo au oili. Oili hasa kwenye hizi L, kwa sababu pampu ya vakyumu inalainishwa na oili ya injini kupitia mpira mwembamba, na mpira ukichoka matone yanaangukia mkandani.

Wapo wanaoniambia nakuza mambo, kwamba milimita chache haziui. Nawakumbusha 300Tdi, injini ambayo Land Rover wenyewe waliileta mwaka 1994. Zile za mwanzo mkanda wake wa taiming ulikuwa haukai kwenye mstari, ukaliwa ukingo na kukatika kabla ya wakati, mpaka kampuni ikalazimika kutoa seti ya marekebisho. Hao walikuwa na kiwanda, michoro na mashine za kupimia. Fundi wa mlimani mwenye rula anatakiwa awe mwangalifu zaidi yao.

Nikirudi kwa mzee: tulipofunga pampu mpya ya maji tulihakikisha feni imeachana na rejeta kwa inchi moja, maana gari likipiga breki injini inasogea mbele. Mikanda yote miwili ilinunuliwa kwa pamoja, ya aina moja, kwa kuwa mpya ukikaa na uliochakaa, mpya ndio unaobeba mzigo wote. Nilipima upana wa mfereji kwanza. Mkanda mwembamba ukitumbukia kwenye mfereji mpana unakaa chini, na mkanda wa V unafanya kazi kwa mbavu zake, chini hautakiwi kugusa. Mkazo tuliupima kwa kubonyeza katikati ya kipande kirefu kwa nguvu ya kilo 10 hivi, ukashuka kama milimita 10. Toyota wanauhesabu mkanda kuwa umetumika ukishazunguka dakika 5 tu, kwa hiyo tuliendesha hadi Marangu Mtoni, tukarudi, tukaukaza tena.

Breki tulizipima injini ikiwa imezimwa: kanyaga mpaka pedali iwe ngumu, shikilia, washa. Pedali ilizama chini ya mguu wa mzee mwenyewe, nikamtaka aihisi yeye. Na kwa kuwa dashibodi ya Land Rover haina ile taa ya T-BELT ya Toyota inayokumbusha mkanda wa taiming, niliandika kwa rangi nyeupe kwenye kava tarehe na kilomita. Mkanda huo ukikatika valvu hugonga pistoni. Nikamkumbusha pia kwamba kadi ya gari bado ina namba ya injini ya petroli, aende TRA aibadilishe.

Siku hizi anataka stelingi ya pawa, mikono imechoka. Pampu yake ilibaki Gerezani kwa yule aliyemuuzia injini tupu, pamoja na breketi. Puli ya krenki ina mfereji wa tatu ulio wazi, kwa hiyo mkanda una pa kupita. Nimemwambia atakayempata auze pampu, breketi na puli yake kwa pamoja, na kabla hajalipa anitumie picha zilizopigwa kwa mbele na kwa juu.